Apdeti ya usalama ya Windows 10 inayogoma kila mara kwa 0x80070643 (KB5034441): tatizo liko wapi na linatatuliwaje

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Swali hili linarudi mara kwa mara ndani ya nyuzi za watu wengine, na majibu yake hupotelea kurasa za katikati. Nalileta lenyewe ili atakayetafuta alikute.

Tangu Januari 2024 hadi Agosti 2024, Microsoft ilipoleta mbadala wake (tazama #17), ilikuwa hivi: mtu ana Windows 10. Anafungua Windows Update, anakuta apdeti ya usalama KB5034441 (KB ni namba ya utambulisho ya kila apdeti) imeshuka, imeanza kuingia, imegoma, na pembeni imeandikwa 0x80070643. Anabonyeza ijaribu tena. Inashuka tena, inagoma tena. Anawasha upya mashine, hali ni ile ile. Akiuliza, anaambiwa afute folda ya SoftwareDistribution, apige sfc /scannow, apige DISM, aweke upya .NET (kifurushi cha Microsoft kinachotumiwa na programu nyingi), na mwisho kabisa anaambiwa apige Windows upya. Bando limeisha, siku imekwenda, na apdeti haijaingia.

Ninaloomba tukubaliane kabla ya yote: usirekebishe chochote mpaka umejua apdeti hiyo inataka kuandika nini, na inataka kuandika wapi. KB5034441 haina shida na C yako. Unaweza kuwa na GB 300 tupu kwenye C na bado ikagoma, kwa sababu inakwenda kuandika mahali pengine kabisa.

Mahali hapo ni patisheni (sehemu ya diski iliyogawanywa kando) iliyofichwa ya Recovery. Ndani yake kuna Windows ndogo ya uokoaji, WinRE, ile inayotokea na skrini ya bluu yenye machaguo ya kurekebisha mashine pale Windows inaposhindwa kuwaka. Tarehe 9 Januari 2024 Microsoft ilitoa apdeti hii kuziba tundu lililosajiliwa kwa jina CVE-2024-20666. Kwa tundu hilo, mtu aliyeishika mashine yako mkononi angeweza kuikwepa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, na kuyafikia mafaili ambayo wewe unaamini yamefungwa. Windows 11 toleo la 21H2 ilipata ya kwake, KB5034440, na Windows Server 2022 ikapata KB5034439. Zote zina ugonjwa mmoja.

Ugonjwa wenyewe ni nafasi. WinRE imehifadhiwa kama faili moja kubwa, Winre.wim. Ili kulitia kiraka, Windows hulifungua, huingiza marekebisho, kisha huliandika upya, na wakati huo inahitaji MB 250 tupu ndani ya patisheni ile ile ya Recovery. Mashine nyingi zilitengewa patisheni ya nusu GB hivi, na Winre.wim peke yake imeshakula sehemu kubwa. Nafasi haitoshi, apdeti inarudi nyuma. Hata ukiishusha upya kila siku kwa mwaka mzima, patisheni haitapanuka.

Kilichowapoteza watu ni ile namba. 0x80070643 maana yake ni kwamba usakinishaji umeshindwa, basi, haitaji sababu. Microsoft yenyewe ilieleza kuwa kuna kasoro katika sehemu inayoshughulikia namba za hitilafu, ndiyo maana mtumiaji anaona namba hiyo badala ya ujumbe wa kumwambia nafasi haitoshi. Kwa kuwa namba hiyo hiyo imezoeleka kwenye matatizo ya .NET na hata ya Defender (antivirus ya Windows), watu wanakwenda kutibu .NET iliyo nzima.

Je, unaihitaji? Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika:

manage-bde -status

Kama diski yako imefungwa na BitLocker au Device Encryption, hasa kama ni laptopu unayotembea nayo kwenye daladala na ofisi za watu, ishughulikie. Kama diski haijafungwa kabisa, mwizi hana haja ya tundu hili: ataichomoa diski, ataichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma kila kitu. Kwako wewe apdeti hii si ya kukunyima usingizi, na jambo la kufikiria kwanza ni kuifunga diski yenyewe. Na kama mashine haina kabisa patisheni ya Recovery, Microsoft ilisema wazi kuwa hitilafu hiyo unaweza kuiacha.

Hatua za kutengeneza nitaziweka chini. Kwanza kila mmoja apime mashine yake. Nawasilisha.

#2

Mkuu ahsante kwa uzi. Ila nimefungua Disk Management, patisheni ya Recovery ni MB 530 na imeandikwa iko tupu asilimia 100. Sasa nafasi inakosekanaje?

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana mkuu, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Disk Management haiwezi kuisoma ndani patisheni hiyo kwa sababu haina herufi, kwa hiyo inaandika asilimia 100 tupu hata ikiwa imejaa hadi ukingoni. Usiiamini.

Fungua PowerShell kwa ruhusa ya msimamizi, andika:

Get-Volume

Hiyo inaorodhesha hata patisheni zisizo na herufi. Tafuta mstari wenye ukubwa unaokaribiana na MB 530, kisha angalia safu ya SizeRemaining. Ukikuta MB 80 au 90, jibu umelipata. Tuwekee hapa unachoona.

Halafu andika na hii:

reagentc /info

Itakuonyesha kama WinRE imewashwa, na iko kwenye diski namba ngapi, patisheni namba ngapi. Ziandike namba hizo kwenye karatasi.

#4

Mimi nilifuta SoftwareDistribution ikakubali palepale. Msiwatishe watu na mambo ya kukata patisheni.

#5 Mleta uzi

Mkuu, sikatai kwamba ilikusaidia. Ilikuwa KB gani? Folda ile huhifadhi apdeti zilizoshushwa. Kama faili lilishuka limeharibika njiani, jambo la kawaida mtandao ukikatikakatika, kuifuta kunalazimisha lishushwe upya na linaingia. Hiyo ni dawa halali kwa ugonjwa huo. Kwa KB5034441 iliyokosa MB 250 haibadilishi chochote, kwa sababu faili limefika salama ila halina pa kukaa.

Ndiyo maana nawaomba wadau, mnapoomba msaada msiandike namba ya hitilafu peke yake. Andikeni na namba ya KB. Watu wawili wanaweza kuwa na 0x80070643 moja na wasiwe na tatizo moja.

#6

Get-Volume inanionyesha zimebaki MB 83. WinRE imewashwa, diski 0 patisheni 4. Manage-bde inasema C imefungwa. Ni laptopu ya kazi, ina mafaili ya wateja. Endelea mkuu.

#7 Mleta uzi

Sawa. Kwako wewe inahitajika. Soma yote mpaka mwisho ndipo uanze, usifanye huku unasoma.

Kabla ya kugusa kitu: nakili mafaili ya muhimu kwenye diski ya nje. Hakikisha funguo ya BitLocker, ile yenye tarakimu 48, unayo nje ya mashine. Wengi funguo zao zimehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Ingia kwa simu uione kwa macho yako, usiseme tu itakuwepo. Chomeka chaji. Kama betri imekufa na kwenu umeme unakatika ovyo, subiri siku nyingine au tafuta UPS, kwa sababu kuzimika katikati ya kazi ya patisheni ni hatari ya kweli.

Simamisha BitLocker kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C:

Zima WinRE:

reagentc /disable

Amri hiyo inalirudisha faili la Winre.wim kwenye C. Hapa ndipo maelekezo mengi ya mtandaoni yanapokimbia haraka, na mimi nataka usimame. Hakiki kwamba faili limefika kweli:

dir /a C:\Windows\System32\Recovery

Lazima uione Winre.wim yenye mamia ya MB. Usipoiona, ishia hapo hapo, washa tena kwa reagentc /enable, njoo tuongee. Ukifuta patisheni bila faili hilo kuwepo C, umeitupa WinRE yenyewe.

Ukiiona, endelea:

diskpart
list disk
sel disk 0
list part

Patisheni ya C utaitambua kwa ukubwa wake, kwa kawaida ni ya 3 kwenye mashine za mpangilio kama wako. Ichague, kisha uthibitishe:

sel part 3
detail partition

Ikikuonyesha herufi C, punguza:

shrink desired=500 minimum=500

Microsoft wanataja 250. Mimi huweka 500 kwa sababu WinRE inaendelea kupokea viraka na sitaki mtu arudie kazi hii. Sasa ichague ya Recovery, ile namba uliyoiandika kwenye karatasi, na uhakiki ukubwa wake ni MB 530:

sel part 4
detail partition
delete partition override

Angalia aina ya diski kwa list disk. Ukiona nyota kwenye safu ya Gpt, andika:

create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac
gpt attributes=0x8000000000000001

Isipokuwa na nyota, ni MBR (mpangilio wa zamani wa diski), na badala ya mistari hiyo miwili unaandika mmoja:

create partition primary id=27

Kisha, kwa aina zote mbili:

format quick fs=ntfs label="Windows RE tools"
exit

Rudisha WinRE, uikague, na urudishe ulinzi wa BitLocker:

reagentc /enable
reagentc /info
manage-bde -protectors -enable C:

Hali ikisoma Enabled na eneo linataja patisheni mpya, nenda Windows Update.

Ile id ndefu inakiliwe, isiandikwe kwa kukariri. Ndiyo inayoiambia Windows kwamba patisheni hii ni ya uokoaji, na mstari wa attributes unaizuia isipewe herufi na isifutwe kwa bahati mbaya.

#8

Mkuu kwangu mpangilio ni tofauti. Recovery ndiyo ya kwanza kabisa, MB 450, halafu EFI (patisheni ya kuwashia mashine), halafu C mwishoni. Nikipunguza C nafasi inatokea mwisho wa diski, Recovery iko mwanzo. Nifanyeje?

#9 Mleta uzi

Ulivyoona ni sahihi, na nashukuru umeuliza kabla ya kufuta. Mashine zilizowekwa Windows 10 za zamani zina mpangilio huo. Patisheni haiwezi kurukia nafasi iliyo upande wa pili wa C.

Kwako usifute ya mwanzo. Fanya hatua zote mpaka kwenye kupunguza C, ila punguza zaidi, MB 1000, kwa sababu patisheni mpya itabeba Winre.wim nzima pamoja na nafasi tupu. Ruka mstari wa kufuta. Tengeneza patisheni mpya kwenye nafasi iliyotokea mwishoni, kwa id na attributes zile zile, fomati, toka, washa WinRE. Kisha reagentc /info ikuthibitishie imekwenda kwenye patisheni mpya. Ile ya zamani ya MB 450 iache ilale. Kuihangaikia karibu na EFI ni kuhatarisha mashine isiwake kwa ajili ya nafasi isiyotosha hata video moja.

Kwa wenye MBR wa mpangilio huo: diski ya aina hiyo inaruhusu patisheni kuu nne tu. Hesabu kwanza ulizonazo.

#10

Shrink inanigomea. Inasema nafasi inayoweza kupunguzwa ni MB 0, na C ina GB 60 tupu.

#11 Mleta uzi

Kuna faili lisilohamishika limekaa mwisho wa C. Mara nyingi ni la kulaza mashine (hibernation). Lizime kwa:

powercfg /h off

Ikigoma bado, zima System Protection na faili la kumbukumbu bandia (pagefile) kwa muda, washa upya mashine, jaribu tena. Ukimaliza virudishe vyote.

#12

Habari wakuu. Mimi ni mwalimu, nasimamia chumba cha kompyuta shuleni. Mashine zetu zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na fundi alizipiga Windows zote kwa kunakili diski moja kwenda nyingine. Reagentc /info inasema Disabled na hakuna eneo lolote. Nikijaribu kuwasha inasema haioni picha ya WinRE. Na hizi nazo zilikuwa zinadai KB hiyo hiyo.

#13 Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Kunakili diski kwa namna ile mara nyingi huacha patisheni ya Recovery nyuma, au huileta ikiwa imekatika na Windows. Diski za hapo shuleni zimefungwa na BitLocker?

#14

Marahaba. Hapana, hakuna iliyofungwa.

#15 Mleta uzi

Basi kwa upande wa tundu hili, mashine zako hazina cha kupoteza, na Microsoft inaruhusu kuiacha hitilafu hiyo. Elekeza nguvu zako kwenye apdeti za kila mwezi (tangu Oktoba 2025 Windows 10 inazipata kwa mpango wa nyongeza ya ulinzi), ambazo zinaingia bila kutegemea WinRE. Hakikisha hizo haziachwi nyuma kwa sababu ya ule mstari mwekundu wa KB5034441. Ni vitu viwili tofauti.

Ila mwalimu, ningekuwa mimi ningeirudisha WinRE kwa sababu nyingine: siku mashine ikikataa kuwaka, bila WinRE utahitaji flashi kila mara. Shusha ISO (faili la kusakinishia) rasmi ya Windows toleo lile lile, mara moja tu, itumike kwa mashine zote. Ndani yake kuna install.wim au install.esd, na ndani ya hilo, kwenye njia ya Windows\System32\Recovery, utaikuta Winre.wim. Programu ya 7-Zip inaweza kulitoa. Liweke C:\Windows\System32\Recovery, kisha reagentc /enable. Jaribu kwenye mashine moja kwanza, ikikubali uende kwenye nyingine.

#16

Mimi KB5034441 ilinisumbua miezi kadhaa, nikaiacha, na ikaja kupotea yenyewe. Sasa hivi Windows Update inasema niko sawa kabisa. Nadhani walishairekebisha.

#17 Mleta uzi

Mkuu, hapa naomba unisikilize kwa makini, na wengine walio kwenye hali hii pia.

Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kwamba kwa Windows 10 hakutakuwa na suluhisho la kujiendesha lenyewe. Mtumiaji anatakiwa kuongeza nafasi kwa mkono. Kisha Agosti 2024 ikatoa apdeti mpya ya WinRE kuchukua nafasi ya ile. Hii mpya inapima kwanza. Ikikuta patisheni haina MB 250 tupu, hailetwi kwako kabisa. Kwa hiyo mstari mwekundu uliondoka, lakini mashine yenye patisheni ndogo ilibaki na WinRE ile ile ya zamani. Windows Update inaposema uko sawa, inamaanisha hakuna kilichobaki cha kukuletea wewe. Haimaanishi WinRE yako imepata kiraka.

Hili linaniuma kuliko hitilafu yenyewe. Mtu aliyekuwa anaona kosa kila siku alikuwa na sababu ya kuuliza. Aliyenyamaziwa ataendelea kubeba laptopu yenye siri za wagonjwa au mahesabu ya ofisi akiamini BitLocker inamlinda.

Kagua mwenyewe. Chukua eneo lililotajwa na reagentc /info, mfano wa diski 0 patisheni 4, kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi:

dism /Get-ImageInfo /ImageFile:\\?\GLOBALROOT\device\harddisk0\partition4\Recovery\WindowsRE\winre.wim /index:1

Soma mstari wa ServicePack Build. Hiyo ndiyo namba ya kiraka ilichonacho WinRE. Iandike, panua patisheni, acha apdeti iingie, kisha rudia amri hiyo. Namba ikipanda, kazi imefanyika. Isipopanda, kuna kitu hakijakaa sawa hata kama Windows Update imekupa alama ya kijani.

#18

Naongezea kidogo. Aprili 2025 ilikuja nyingine, KB5057589, nayo ilitoa 0x80070643 kwa watu wa Windows 10. Nilikuwa karibu kukata patisheni nikasoma kwanza. Hiyo Microsoft walisema ujumbe wa hitilafu si sahihi: hutokea pale kuna apdeti nyingine inayosubiri mashine iwashwe upya, na baada ya kuwasha upya inakamilika.

#19 Mleta uzi

Shukrani mkuu, nyongeza ya maana sana. Namba moja, KB mbili: ya kwanza ilihitaji kupanua patisheni, ya pili ilihitaji kuwasha upya tu. Anayefuata namba bila kusoma KB angekata diski yake bure.

#20

Ila mkuu, Windows 10 si imeshafikia mwisho? Kuna faida gani kuhangaika?

#21 Mleta uzi

Msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza ya ulinzi kwa watu binafsi unafika 13 Oktoba 2026. Aliyejiunga nao anapokea apdeti mpaka tarehe hiyo. Na ukihamia Windows 11 kwenye diski hiyo hiyo, patisheni ndogo unaweza kuhama nayo, na WinRE ya huko nayo inahitaji nafasi ya kutiwa viraka. Kazi utakayoifanya leo haipotei.

#22 (aliyeandika #6)

Mrejesho wakuu. Nilinakili mafaili, nikaiona funguo kwenye simu, nikafuata hatua zako moja moja. Shrink ilikubali mara ya kwanza. Get-Volume sasa inaonyesha patisheni ya GB 1 na ushee, tupu zaidi ya MB 500. Apdeti imeingia na ServicePack Build imepanda. Swali moja: nilipowasha upya haikuniuliza funguo ya BitLocker. Ni sawa?

#23 Mleta uzi

Hongera mkuu. Ni sawa, kwa sababu uliusimamisha ulinzi kabla ya kazi na ukaurudisha baada yake. Thibitisha tu kwa manage-bde -status kwamba kwenye C mstari wa Protection Status unasoma On. Ukisoma Off, rudia ile amri ya -enable, kwa sababu diski iliyosimamishwa ulinzi inafunguka kwa yeyote.